Mupimaji wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mlio ule ulipita ukutani kabla sijajua kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu. Ulikuwa mwembamba na mrefu, ulianza ghafla na kukataa kuisha, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kitambaa. Nilikuwa mtoto, nimelala na malaria, na shavu langu nilikuwa nimelibandika ukutani kwa sababu ukuta ulikuwa na baridi. Nikamuuliza mama ni nini kile. Akasikiliza kidogo, akasema, "Kijiko."

Baba, aliyekuwa akivaa viatu vya kazi mlangoni, akacheka. "Kijiko gani inalia vile? Ile ni Mupimaji. Anaimbisha bibi yake."

Nilipopona nilimwona huyo bibi. Alikuwa kichwa tu, kilichochongwa kwenye sarafu ya dhahabu, amevaa taji lenye neno la Kiingereza linalomaanisha uhuru, na nyota zimemzunguka. Alikuwa amekaa juu ya ncha ya kidole cha mzee wa nyuma ya ukuta, naye mzee akamgonga ukingoni kwa kalamu ya risasi, akainamisha sikio, akafumba macho. Uso wake wakati huo ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza habari ya msiba na bado hajaambiwa aliyekufa ni nani.

Nyumba zetu zilijengwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, enzi ambazo kampuni ya shaba ilitoa kila kitu, kuanzia unga mpaka jeneza. Kwa hiyo tuligawana naye ukuta mmoja. Tulisikia kikohozi chake, zaburi zake, kiti chake kikivutwa. Yeye bila shaka alisikia ya kwetu pia, ingawa hakuwahi kuonyesha. Jina lake halisi sitaliandika, na hata ningeliandika, mtaani wachache wangelitambua. Alikuwa Tata Mupimaji, baba mpimaji, basi. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maabara kiwandani, akipima vumbi ili kusema lina shaba kiasi gani. Mishahara ilipokoma, vumbi halikuwa tena na wa kuliuliza, na yeye akaanza kuwapimia watu dhahabu.

Si dhahabu ya mtoni. Ile aliidharau, alisema ni kazi ya bata. Alipima sarafu kuukuu za Amerika. Mgeni atauliza zilifikaje kwetu Kolwezi, mji wa Kongo. Zilifika mifukoni mwa wenye maduka, Wagiriki na Wareno, ambao hawakuwahi kuamini noti za nchi yoyote, na katika masanduku ya wamisionari wa kule Sandoa. Wageni wale walipoondoka, wengine kwa haraka ya kuacha sufuria jikoni, baadhi ya sarafu zilibaki: kwa mpishi aliyepewa kama asante, kwa mke wa Kikongo aliyeachwa na watoto wawili, chini ya mti wa parachichi nyuma ya duka. Zikarithiwa. Zikashonwa ndani ya magodoro. Na siku ya shida zilipotoka gizani, mji mzima haukuwa na sikio jingine la kuzipelekea ila lake.

Aliwapenda Waamerika kwa sababu moja tu. "Dhahabu peke yake haina mugongo," aliniambia. "Inalala kama bukari ya maji mu sahani. Basi bale batu banatia shaba ndani, sehemu moja kwa kumi, njo inasimama. Unaona ile wekundu kidogo? Ile ni shiye."

Ni sisi, alimaanisha. Watu wa shaba. Alisema hivyo kwa fahari, kana kwamba babu zake mwenyewe waliichimba, na labda ndivyo alivyoamini.

Ukifika kwake, kitu cha kwanza ni maji. Beseni lilikaa mlangoni na kipande cha sabuni, na huingii mpaka umenawa na kukausha vidole. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mwenye malori yanayokwenda Kasaji, mtu mnene na mcheshi. Siku ya kwanza alikasirika.

"Tata, mi natawaza mara tano kwa siku, na weye unaniosha tena?"

"Mungu anaangalia roho," akajibu Mupimaji. "Mi naangalia mafuta ya kidole."

Mwenye malori akacheka hadi akaketi ngazini. Kisha akanawa.

Juu ya meza kulikuwa na blanketi la mtoto lililokunjwa mara nne, ili kinachoanguka kiangukie pamba. Sarafu ilishikwa kwa ukingo, kamwe si kwa uso. Kwanza sikio. Halafu mizani ndogo ya shaba aliyotoka nayo maabara siku ya mwisho, bila kumwomba mtu. Halafu glasi ya maji, aizamishe aone imesukuma maji kiasi gani. Mwisho kabisa, kioo cha kukuza, na hapo ndipo mtu alipojifunza kungoja. Alitafuta mahali pa kuchakaa: nywele za yule mwanamke juu ya sikio, shingo ya tai upande wa pili. "Pale njo dunia inagusaka," alisema. Halafu aliitafuta herufi inayoonyesha sarafu ilipigwa katika kiwanda gani. "Herufi kama chawa. Lakini ile chawa inaweza fanya kuku iwe ng'ombe."

Nilikaa pale alasiri nyingi za utoto, kwenye kigoda karibu na dirisha, kwa sababu hakunifukuza na kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo zangu. Kwake nilijifunza kutazama kitu kimoja mpaka kichoke kujificha. Hilo nililipata kwake na si kwa mtu mwingine, na nalisema mapema, kabla sijaanza kusema mengine.

Hakupenda hadithi. Kila aliyekuja alikuja na hadithi: baba alipewa na mzungu, nkambo, mzazi wa mzazi, aliota ndoto, bwana arusi ameileta kama mahari. "Usinipe historia. Unipatie kitu," aliwakatiza. Alisema hadithi ndiyo nzito kuliko zote na haikai kwenye mizani. Lakini mgeni akishaondoka, aliniuliza mimi: "Alisema nkambo aliota nini?"

Mwenye malori ndiye aliyemletea sifa kuanzia hapa hadi Sandoa. Watu wasiojulikana walikuwa wamemletea kifuko cha sarafu, na yeye alikuwa karibu kuwapa lori zima. Vijana wa ghala la madini walikuwa wameshazipiga kwa ile mashine yao ya kupimia kobalti, inayoshikwa kama bastola, na mashine ilisema dhahabu. Mupimaji aliziweka moja moja juu ya kidole, akagonga. Hakuna kilicholia. Tulisikia tk, tk, kama ukucha juu ya meza.

"Zimekufa," akasema. "Zimevalishwa shati ya dhahabu, zikalazwa."

"Lakini mashini ilisema!"

"Mashini inasoma ngozi. Weye ulioa bibi yako juu ya ngozi?"

"Kidogo, ndiyo," akasema mwenye malori, na hata Mupimaji akacheka, jambo ambalo lilitokea mara chache kama mvua ya mwezi wa saba.

Kulikuwa pia na mama mmoja wa Kasaji ambaye alisugua sarafu yake kwa jivu na limau usiku kucha ili ifike ikiwa na heshima. Aliifungua kutoka kwenye leso na ikang'aa kama jino la bandia. Mupimaji aliitazama bila kuigusa.

"Ulioshaka na nini, Mama?"

Akamwambia, kwa furaha. Katika nchi yetu ya madini kila mtu huosha kwanza. Jiwe chafu halipati bei, mnunuzi hukuletea ndoo yeye mwenyewe. Mama yule alifanya alichofunzwa tangu utoto. Mupimaji alivua miwani, akaziba macho kwa kiganja.

"Umetoa ngozi ya uso. Ilikaa miaka yote ile ikijitengenezea ile ngozi. Sasa imebaki uzito tu. Ni nyama, haiko mutu tena."

Mama alilia. Mupimaji hakumbembeleza. Alimwambia ukweli wote, uzito wote, akamwonya ni wafanyabiashara gani wangemdanganya na vipi. Akampa nauli ya kurudi. Kisha akaninyima mimi kijiko cha pili cha sukari kwenye chai, kwa maana sukari ni ghali. Alikuwa hivyo. Aliweza kutoa nauli ya mgeni na kuhesabu njiti za kiberiti. Kanisani aliimba besi, na mchungaji aliposema moyo safi kama dhahabu, alimngoja nje kumweleza kwamba dhahabu safi haifai hata kutengeneza pete. Alisema hakuna mtu wa Kolwezi aliyewahi kushiba kwa dhahabu, na huku chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati la biskuti lililojaa sarafu zake mwenyewe, kila moja imelala katika kipande cha fulana kuukuu.

Walipolipua mgodini Musonoi, saa za mchana, nyumba ilitetemeka na vumbi likashuka kutoka darini. Sisi tulikuwa tumezoea. Yeye aliishika meza kwa mikono miwili na kuangalia upande wa kitanda, si upande wa mlango.

Kinyozi wa njia panda alimtania kila alipopita.

"Tata Mupimaji! Kuya unipimie bibi yangu!"

"Bibi yako namusikiaka kutoka kwangu. Analia vizuri. Ni weye njo umevalishwa shati."

Watu walicheka na kumpenda. Nami nilimpenda. Sikujiuliza zile za sandukuni zilitoka wapi. Mtu anayependa mbuzi huwa na mbuzi. Mtu anayependa sarafu huwa na sarafu. Haikunijia akilini kwamba katika mji wetu aliyesema bei na aliyenunua walikuwa mtu mmoja, ameketi kwenye kiti kimoja, akikutazama kwa jicho lile lile lililokuzwa na kioo.

Sasa nitasema ya kwetu.

Nkambo yangu, mama yake mama, alipika kwa misheni Sandoa. Bibi mmoja wa Kiamerika wa misheni ile alipoondoka alimwachia sarafu ndogo, dola tano, na hakumweleza chochote ila kuufumba mkono wa nkambo juu yake. Haikuwa na mwanamke mwenye taji. Ilikuwa na mzee mwenye manyoya ya ndege kichwani, mmoja wa wenyeji wa kale wa nchi ile, na ajabu yake ni kwamba uso wake haukuinuka. Ulikuwa umezama. Kila kitu juu ya sarafu ile kilikuwa kimechongwa kwenda ndani, pua, manyoya, nyota, isipokuwa herufi moja ndogo iliyosimama. Waamerika walitengeneza za namna hiyo kwa miaka michache tu, wakaacha. Hayo niliyajua baadaye sana.

Nkambo alipofariki, sarafu ilimfikia mama, na mama akamwonyesha kaka yake. Mjomba wangu ni fundi wa kumimina sufuria kule Kasaji. Huyeyusha aluminiamu ya vyuma chakavu, huimwaga katika mchanga, hutoa sufuria za kupikia bukari, ugali wetu, ya harusi. Katika kazi yake kilichozama ni kalibu na kilichoinuka ni chombo. Hakuna kanuni iliyo wazi zaidi. Aliigeuza sarafu mara moja tu.

"Dada, hii haiko pesa. Hii ni kalibu ya kutengenezea pesa."

Kumthibitishia, alidondosha tone la risasi iliyoyeyuka juu ya uso wa yule mzee. Likapoa, akalibandua kwa kisu, na kweli, kwenye tone palikuwa na manyoya yaliyoinuka na nusu ya sikio. Mama alipiga kelele. Mjomba akaona amefumbua fumbo. Kipande kidogo cha risasi kilibaki kimeng'ang'ania nyuma ya sikio la mzee, doa la kijivu kama punje ya uwele, na halikutoka tena.

"Wakikupata nayo unaenda mabusu," alimwambia, maana yake gerezani. "Bale ba misheni balikuwa banafanya pesa ya bongo, ya uongo, bakamuachia mama yetu kesi. Uitupe."

Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu cha mama yake. Wala hakuwa mtu wa kukaa na kesi ndani ya nyumba. Alikaa nayo siku kadhaa bila kula vizuri, kisha akapita upande wa pili wa ukuta. Sikuwepo. Alivyosimulia ni hivi: alinawa, akaketi, akaiweka juu ya blanketi, akasema, "Tata, kaka yangu anasema hii ni kalibu ya bongo na itatufungisha. Saidia mi. Ikae kwako, weye ni mutu ya maabara, hawatakuuliza. Aksanti, Tata. Aksanti sana." Mupimaji akaitazama muda mrefu. Akasema, "Uiache hapa, Mama. Usiongee na mutu."

Ndiyo yote. Mama alirudi akiwa mwepesi kama aliyepona. Jioni ile, kupitia ukuta, sikusikia mlio wowote, na sikuona ajabu.

Tangu hapo kila Ijumaa mama alimpelekea bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa vizuri, yenye mafuta ya mawese na samaki mkavu. Hata wiki ambazo sisi wenyewe tulikula bila samaki. "Alibeba kesi yangu," alisema. Baba alipougua kifua, mama aliuza cherehani, akauza redio, akauza kitanda cha wageni. Bakuli la Ijumaa liliendelea. Baba alifariki. Bakuli likaendelea.

Na miaka ikaenda mpaka mgodi ukafika kwetu. Chini ya nyumba zetu, walisema, kuna madini mengi kuliko yale ya shimo la Musonoi. Wakaweka alama za rangi nyekundu milangoni. Mtaa wetu wote ungehamishwa, kila familia mahali pake: wengine barabara ya Likasi, wengine vijijini kwao. Fidia aliyopewa mama kama mjane haikutosha kununua parseli, kiwanja, hata ya pembeni kabisa ya mji. Angeenda Kasaji, kukaa chumba cha nyuma cha mjomba, karibu na tanuri. Alilisema bila kulalamika, na nilijua anavyouogopa moshi ule, maana kifua cha baba kilimfundisha kuogopa moshi.

Nilikuja kutoka Lubumbashi, nilikohamia, kumsaidia kufunga vitu. Malori yalikuwa yaje kesho yake asubuhi. Alasiri nilikwenda kumuaga Mupimaji.

Alikuwa amezeeka kwa namna ya ghafla, kama nyumba inayotolewa madirisha. Vitu vyake vilikuwa tayari ndani ya magunia. Meza tu ilibaki, na blanketi, na juu ya blanketi sanduku la bati likiwa wazi. Alikuwa akizipanga upya sarafu kwa ajili ya safari.

"Nawa," akaniambia. Nikanawa.

Akanionyesha moja moja, akisema uzito, kuchakaa, herufi. Sauti yake ilirudi ujana. Kisha akafunua kipande cha fulana, na akataka kukifunika tena, lakini vidole vilichelewa.

Mzee wa manyoya alinitazama kutoka ndani ya dhahabu. Nyuma ya sikio lake palikuwa na doa la kijivu kama punje ya uwele.

Nje mtu alikuwa aking'oa mabati kwa nyundo.

"Tata," nikasema, "hii haiko kalibu."

"Hapana."

"Ulijua lini?"

"Mbele mama yako hajaketi. Niliona mkononi mwake."

"Na ukanyamaza."

Alifuta miwani kwa ncha ya shati. "Haikuwa hata nzuri. Mjomba yako aliharibu. Ile risasi imekula uso. Mwenye kukusanya angeikataa, imebaki uzito."

"Uzito ungemununulia baba dawa."

"Najua."

"Uzito ungemununulia mama parseli, leo."

"Najua, mutoto yangu."

"Basi juu ya nini?"

Nilitaka aseme tamaa. Tamaa ningeijua pa kuiweka. Akasema polepole, akitafuta kila neno kama anavyotafuta herufi: "Alinishukuru mbele sijafungua kinywa. Nilitaka kusema. Nikasema moyoni, nitasema kesho. Kesho akaleta sombe. Sasa unamuambia nini mutu mwenye amekuletea sombe? Ijumaa ingine akaleta tena. Kila bakuli ilifunga kinywa zaidi." Akainua macho. "Sikumudanganya. Hakuna siku nilimuambia ni kalibu."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba hata kimya chake alikuwa amekipima. Mwongo angeniruhusu nimchukie. Huyu alikuwa mtu yule yule aliyemwambia mama wa Kasaji ukweli mchungu na kumpa nauli, na nilipomtazama sikuweza kuona palipo na mshono.

Mlango ulikuwa wazi. Mama aliingia akijipangusa vumbi la kufunga vitu, amekuja kuazima kamba. Alinawa mikono kwenye beseni bila kuambiwa, kwa mazoea. Kisha akaona meza. Akaona sikio na doa.

Nilifungua kinywa. Mupimaji aliinua kiganja kunizuia.

"Keti, Mama," akasema. "Leo nitakupimia."

Mama hakuketi. Mupimaji akaiweka sarafu juu ya ncha ya kidole. Akagonga ukingo kwa kalamu. Akamwambia ni dhahabu, sehemu tisa, na ya kumi ni shaba. Akamwambia uzito. Akamwambia uso umezama kwa sababu ndivyo walivyoutengeneza, na kwamba kaka yake alikosea kama fundi mzuri anavyokosea. Akamwambia risasi imepunguza nini na imeacha nini, na kilichobaki kinatosha parseli ndogo na mabati yake, upande wa Kolwezi huku huku, kama hatakubali bei ya mnunuzi wa kwanza. Akaiweka kwenye blanketi, akaisukuma kuelekea kwake kwa kucha.

"Ni yako. Ilikuwa yako siku zote. Mi nilinyamaza."

Mama aliichukua. Hakuifunga kwenye pembe ya kitenge kama nilivyotarajia. Aliishika wazi kiganjani. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayepanga upya miaka, Ijumaa kwa Ijumaa, na kuona kila moja ikigeuka mkononi.

"Bwana yangu alikufa ukisikiliza," akasema. "Kule. Kwa ile ukuta."

Mupimaji aliutazama ukuta.

Kisha mama akatazama sanduku. Alilitazama muda mrefu, bila kugusa, kama alivyofundishwa na nyumba ile. Fulana kwa fulana.

"Na hizi zingine?"

"Nyingi nilinunua, Mama. Nililipa."

"Nani alisema bei?"

Nyundo ya nje ilinyamaza. Mupimaji aliweka mikono miwili mezani, vile alivyofanya walipolipua.

"Mi," akasema.

"Mama ya kinyozi alileta moja hapa. Nakumbuka siku ile, alirudi na gunia ya unga, akacheza mu barabara. Iko ndani?"

Macho yake yakaenda kwenye kona moja ya sanduku kabla hajayazuia. Mama aliyaona. Nami niliyaona.

"Na mjane wa mwalimu? Na bale batoto ba kwa Mugiriki?"

"Mama, tafazali. Bengine nilibapatia bei ya kweli. Bengine... sikumbuki tena vizuri. Kesho tunahama bote. Kesho kila mutu anaenda njia yake."

"Njo maana," akasema mama. "Kesho sitabapata."

Alinigeukia. Nilidhani ataniambia twende, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuinuka.

"Weye bakia," akasema. "Bakia naye. Asiguse kitu, na mutu asimuguse."

"Unaenda wapi, Mama?"

"Kubaita benyewe."

Mupimaji alitamka jina la mama, lile la utotoni ambalo hata baba hakulitumia, na ambalo angeweza kulijua kupitia ukuta tu, miaka ile nkambo alipokuja kututembelea. Mama alisimama kidogo, mgongo ukiwa kwetu. Nje watu walikuwa wakiitana juu ya mizigo, mtaa mzima bado mzima kwa jioni moja ya mwisho. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, ukafunga.